Mkono Unaomfaa Mwenyewe: Jinsi Miundo Huria ya Mikono Bandia Inavyorekebishwa kwa Kipimo cha Mtu

Katika soko la Kadutu mtu anaweza kupata suruali kwa njia mbili. Anaweza kuinama juu ya rundo la mitumba na kutafuta ile inayokaribia kiuno chake. Au anaweza kupeleka kitambaa kwa fundi mshonaji, ambaye atamzungushia utepe wa kupimia, aandike namba tatu nne kwenye daftari na kumwambia arudi Jumamosi. Suruali ya mitumba isipomfaa vizuri si neno: atakunja pindo, atakaza mkanda, maisha yataendelea.

Mkono bandia hauna pindo la kukunja. Ukibana, unachubua ngozi. Ukilegea, unazunguka wakati mwenyewe anataka kushika kikombe, na kikombe kinaanguka. Baada ya wiki mbili tatu anauvua, anauweka juu ya kabati, na hapo habari yake imekwisha. Hili si jambo la kubahatisha. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Toronto, Elaine Biddiss na Tom Chau, walikusanya matokeo ya tafiti za miaka 25 kuhusu mikono bandia. Kwa wastani, watoto 45 katika kila 100 walikuwa wameiacha mikono inayoendeshwa kwa nguvu za mwili, na watoto 35 katika kila 100 walikuwa wameiacha ile ya umeme. Kwa watu wazima hesabu ilikuwa 26 na 23. Tafiti nyingi kati ya hizo zilifanywa katika nchi tajiri, ambako mtu anaweza kurudi kliniki mara nyingi anavyotaka.

Makala hii inaeleza jinsi muundo huria wa mkono bandia, ambao mtu yeyote anaweza kuuchukua bure kwenye intaneti, unavyogeuzwa kuwa mkono wa mtu mmoja mwenye jina na kazi yake. Msomaji anaweza kuuliza: jambo hili linahusu nini kitivo cha lugha? Naomba anivumilie hadi mwisho. Ataona kwamba sehemu ya kazi hii ni yetu.

Miundo huria ilitoka wapi

Tunapoita kitu "huria" tunamaanisha kwamba michoro yake imetolewa wazi, pamoja na leseni inayomruhusu mtu mwingine kuichukua, kuibadilisha na kuigawa tena. Leseni nyingine zinakataza kuuza, nyingine zinaruhusu. Jambo kubwa ni kwamba mchoro hauna kufuli.

Habari ya mikono huria inaanza na fundi seremala wa Afrika Kusini, Richard Van As. Mwaka 2011 msumeno ulimkata vidole vya mkono wa kuume. Alipoona bei ya vidole bandia, aliamua kutafuta njia yake mwenyewe. Kwenye intaneti aliona video ya mkono mkubwa wa chuma ulioendeshwa kwa kamba, uliotengenezwa na Mmarekani Ivan Owen kwa ajili ya mchezo wa kuvaa mavazi ya ajabu. Waliandikiana, wakafanya kazi pamoja wakiwa mabara mawili tofauti. Kabla ya kumaliza kazi hiyo waliombwa kumsaidia mtoto wa miaka mitano aliyezaliwa bila vidole. Mkono wake wa kwanza ulitengenezwa kwa vipande vilivyochongwa. Kisha wakapewa printa za pande tatu, wakachora vipande kwenye kompyuta. Mnamo Januari 2013 waliiweka michoro hiyo wazi kwa wote badala ya kuichukulia hataza. Waliuita Robohand.

Wao wenyewe hawakuanza kutoka hewani. Walipata wazo kutoka kwa mkono wa karne ya 19 uliotengenezwa Australia kwa mifupa ya nyangumi na kamba. Kwa hiyo kile tunachokiona kama teknolojia ya leo ni mkono wa kale uliopata fundi mpya.

Mwaka huohuo wa 2013, Jon Schull wa chuo cha Rochester huko Marekani aliwakusanya watu wenye printa na watu wanaohitaji mikono katika umoja wa kujitolea unaoitwa e-NABLE. Kutoka hapo yalizaliwa majina mengi: Cyborg Beast ya Jorge Zuniga, Raptor, Phoenix, Flexy-Hand, na mkono wa UnLimbited kutoka Uingereza. Kila mmoja umejengwa juu ya makosa na mafanikio ya uliotangulia. Hiyo ndiyo faida ya kuacha mlango wazi.

Afrika haikubaki kutazama. Mwishoni mwa mwaka 2013 mradi ulioitwa Project Daniel ulipeleka printa kwa watu wa milima ya Nuba nchini Sudan na kuwafundisha vijana wa huko kuzitumia, kwa ajili ya waliopoteza mikono kwa mabomu. Nchini Uganda, hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi ilishirikiana na shirika la Kanada, Nia Technologies, kujaribu kuchapa vikombe vya miguu bandia kwa watoto. Na hapa Bukavu tunacho kituo cha Heri Kwetu, ambacho kwa miaka mingi kimesaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ile tunayoiita CICR. Mafundi wanaosaidiwa na CICR hutumia plastiki ya polipropilini: karatasi ya plastiki hupashwa moto katika tanuri, kisha huvutwa juu ya mfano wa jasi uliochukuliwa kwenye mwili wa mgonjwa. Si printa, lakini ni kazi ya kipimo cha mtu, na fundi anayeijua anajua tayari nusu ya yale nitakayoyaeleza.

Mkono huu unafanyaje kazi

Mikono mingi huria haina mota wala betri. Ina vipande vya plastiki vilivyounganishwa kama bawaba, mishipi kama ile ya wavuvi wa Ziwa Kivu, na nyuzi za mpira. Mshipi unapita ndani ya kila kidole, unavuka kiganja, na mwisho wake unafungwa nyuma ya kifundo, kwenye kipande kinachovaliwa juu ya kigasha. Mtu akikunja kifundo kuelekea chini, mishipi inavutwa na vidole vinafumba. Akikinyoosha, mipira inavirudisha vidole na mkono unafunguka. Mishipi ndiyo kano za mkono huu.

Kutokana na hayo tunapata sharti la kwanza: lazima kifundo kiwepo na kiwe kinakunjika. Kwa kawaida huhitajika kama nyuzi 30 za mkunjo ili vidole vifumbe vizuri. Kama mkono ulikatika juu ya kifundo, muundo huo haufai hata kidogo, hata ukichapwa kwa ustadi namna gani. Hapo hutafutwa muundo unaoendeshwa na kiwiko, kama ule wa UnLimbited. Kama kiwiko nacho hakipo, miundo hii rahisi inafika mwisho wake, na mtu anahitaji mkono unaoendeshwa kwa kamba za begani, kazi ya fundi wa viungo bandia aliyesomea.

Kwa hiyo kurekebisha hakuanzi kwenye kompyuta. Kunaanza kwa kukaa na mtu na kumwomba akunje, anyooshe, ageuze kiganja juu na chini.

Kupima

Babu zetu walipima vitu kwa mkono. Wanda ni upana wa kidole. Shibiri ni kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Hapa mambo yamegeuka: mkono uliokuwa rula sasa ndio unaopimwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja anauza sambaza Nyamugo. Alipoteza vidole vinne vya mkono wa kushoto, kiganja chake kimebaki, na kifundo kinakunjika vizuri. Fundi anahitaji kujua mambo haya:

Kwanza, upana wa kiganja penye vifundo vya vidole. Hiki ndicho kipimo kinachoamua ukubwa wa kazi yote.

Pili, mzunguko wa kigasha katika sehemu mbili au tatu, kwa sababu mkono si bomba. Unanenepa kadiri unavyopanda.

Tatu, umbali kutoka kifundo hadi mwisho wa sehemu iliyobaki, na kutoka kifundo hadi mahali ambapo mkanda utafungwa.

Nne, mkono mzima. Upande ulio mzima ndio unaoonyesha urefu wa vidole ambao macho ya watu yameuzoea. Kompyuta inaweza kuchukua mchoro wa kuume na kuugeuza kuwa wa kushoto, kama kioo kinavyogeuza. Lakini fundi asidhani kwamba pande mbili ni sawa. Mkono usiofanya kazi kwa miaka hupoteza nyama, na kigasha chake huwa chembamba kuliko cha upande wa pili. Anayepima upande mmoja tu atatengeneza kikombe kinacholegea.

Tano, ramani ya maumivu: kovu liko wapi, mfupa unajitokeza wapi, ngozi ni nyepesi wapi. Namba haziwezi kusema hayo. Fundi hugusa na kuuliza, kisha huweka alama kwa kalamu.

Kama jeraha ni jipya, inafaa kusubiri. Sehemu iliyokatwa huvimba kisha hunywea kwa miezi, na kipimo cha leo hakitakuwa kipimo cha baada ya miezi mitatu.

Kuna njia ya kupima kwa mbali pia. Mwaka 2015 Zuniga na wenzake walichapisha maelezo ya Cyborg Beast, mkono ambao vifaa vyake viligharimu karibu dola 50, na wakaonyesha jinsi vipimo vinavyoweza kuchukuliwa kwenye picha, mradi ndani ya picha iwemo rula. Kwa mtu aliye Shabunda au Mwenga, ambako njia ni mbaya na safari ni ghali, simu na rula ni jambo kubwa. Lakini picha haigusi kovu.

Kukuza peke yake si kurekebisha

Sasa tuingie kwenye kompyuta. Tuseme mchoro tuliouchukua una nafasi ya milimita 60 penye vifundo vya vidole. Kiganja cha mama yetu ni milimita 66. Tunaongeza milimita 2 za sponji kila upande ili plastiki isikwaruze: jumla 70. Tunagawanya 70 kwa 60, tunapata karibu 1.17. Tunaiambia programu ikuze kila kitu hadi asilimia 117, tunabonyeza, tunachapa.

Hivyo ndivyo wanaoanza hufanya, na kwa watu wengine inatosha. Lakini tazama yanayofuata. Tundu la skrubu lililokuwa milimita 3 sasa ni milimita 3.5, na skrubu inacheza ndani yake. Kwa mtoto mambo ni kinyume: tukipunguza hadi asilimia 85, tundu linakuwa milimita 2.55 na skrubu haiingii, na ukuta wa milimita 2 unakuwa 1.7, mwembamba wa kuvunjika. Plastiki nayo haiongezeki kwa asilimia 17 tu. Kitu kikikua kwa urefu, upana na kimo kwa pamoja, ujazo wake unazidishwa mara tatu: 1.17 mara 1.17 mara 1.17, yaani karibu 1.6. Mkono unakula plastiki zaidi kwa asilimia 60 na unakuwa mzito kwa kiasi hicho.

Na kama kiganja ni kipana lakini kigasha ni chembamba? Tukikuza vyote sawasawa, kiganja kitafaa na kigasha kitalegea. Tukivuta upana peke yake, matundu ya mviringo yatakuwa na umbo la yai na bawaba zitakwama.

Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anaweza kuelewa haraka kuliko mwenzake. Fikiria sentensi hii: "Mkono mrefu umevunjika." Ukitaka wingi, hukuzi maandishi yawe makubwa. Unabadilisha jina, na kila kitu kinachohusiana nalo kinafuata: "Mikono mirefu imevunjika." Huo ni upatanisho wa kisarufi. Kuna miundo iliyochorwa kwa kanuni hiyohiyo. Katika programu huria kama OpenSCAD, mchoro hauhifadhiwi kama picha iliyokamilika. Unahifadhiwa kama maagizo: upana wa kiganja ni kadhaa, urefu wa gumba ni sehemu fulani ya upana huo, ukuta ni milimita 2 siku zote, tundu la skrubu ni milimita 3 siku zote. Fundi anabadilisha namba ya kwanza, na sehemu zote zinazoitegemea zinapatana nayo. Skrubu ni kama neno "leo" au "sana": halichukui kiambishi, halibadiliki hata sentensi igeuke vipi. Mkono wa UnLimbited ulitengenezwa kwa njia hiyo: mtu anaingiza vipimo vichache vya mkono, na mchoro unajipanga upya.

Tofauti hii ndiyo kiini cha jambo lote. Kukuza ni fotokopi. Kurekebisha ni sarufi.

Faida yake inaonekana zaidi kwa mtoto. Mtoto wa miaka saba hukua, na mkono wa mwaka huu utambana mwakani. Kwa kuwa faili ipo na maagizo yapo, fundi anapima tena, anabadilisha namba mbili, anachapa upya. Skrubu za zamani zinahamia kwenye mkono mpya.

Plastiki, sufuria na umeme

Kipande kikishachapwa bado si mkono. Plastiki inayotumika zaidi kwenye printa ndogo inaitwa PLA. Ina sifa moja nzuri na moja mbaya, na zote mbili ni sifa ileile: inalainika ikifika karibu nyuzi 60 za Selsiasi. Uzuri wake ni kwamba kipande cha kigasha huchapwa kikiwa bapa, kisha huwekwa ndani ya maji ya moto, kikalainika, kikakunjwa taratibu kufuata umbo la mkono. Hukunjwa juu ya mfano au juu ya kitambaa kinene, kamwe si juu ya ngozi tupu. Hapo ndipo kikombe kinapata mwili wa mwenyewe kuliko namba yoyote inavyoweza.

Ubaya wake utaonekana jikoni. Anayesonga bugali anashika mwiko juu ya sufuria inayochemka, na mvuke unapanda moja kwa moja mkononi. Mkono wa PLA utapinda. Kwa mtu wa jikoni inafaa plastiki ya PETG, inayovumilia hadi karibu nyuzi 80, na hata hiyo isiguse sufuria. Swali la plastiki gani itumike haliko kwenye kompyuta. Lipo kwenye maisha ya mtu: unapika? unafua? unakaa juani sokoni siku nzima?

Printa hujenga kitu tabaka juu ya tabaka. Kama mbao inavyopasuka kwa kufuata nyuzi zake, plastiki hii hupasuka kati ya tabaka. Kidole kilichochapwa kikiwa kimesimama huvunjika kirahisi kuliko kidole kilichochapwa kikiwa kimelala. Fundi mzuri hupanga vipande kwa kufikiria nguvu itavutia upande gani.

Na kuna umeme. Kiganja kimoja huchukua saa nyingi kuchapwa. Mkazi wa Kadutu hahitaji kuelezwa nini hutokea umeme ukikatika saa ya tano ya kazi ya saa sita. Printa nyingine huweza kuendelea pale zilipoishia, lakini mara nyingi tabaka lililopoa halishikani vizuri na lile jipya, na hapo ndipo kidole kitakapovunjikia. Njia ya busara ni kuchapa kipande kimoja kimoja badala ya vyote kwa pamoja, na kuweka betri kati ya printa na ukuta. Anayeleta printa bila betri ameleta nusu ya karakana.

Mkono wa kazi gani

Mikono huria husifiwa kupita kiasi, na sifa za bure huwaumiza wanaoitarajia. Mkono wa kukunja kwa kifundo hushika kikombe, chupa, kamba ya mfuko, mpini wa baiskeli. Haubebi bidoni la lita 20 kutoka bombani hadi juu ya mlima wa Cimpunda. Vidole vyake vyote hufumba pamoja, kwa hiyo kuokota sindano au kuhesabu noti za franga ni kazi ngumu.

Ndiyo maana kurekebisha kwa kweli kunaanza na swali ambalo utepe wa kupimia hauwezi kujibu: unataka mkono huu ufanye nini? Mama wa sambaza huenda hataki vidole vitano. Huenda anataka kitu cha kushikilia ukingo wa beseni wakati mkono wa kuume unapima. Kwake, kikombe kinachokaa vizuri chenye kulabu kinaweza kuwa na maana kuliko mkono unaofanana na wa filamu. Mwanafunzi atataka kishikio cha kalamu. Seremala atataka cha kushika msumari. Muundo huria unaruhusu jambo hilo: kikombe kimoja kilichopimwa vizuri, na mbele yake vifaa vinavyobadilishwa.

Kisha kuna mkono wa watu, tofauti na mkono wa kazi. Kwetu tunasalimiana kwa mkono wa kuume, na mbele ya mkubwa mkono wa kushoto hushika kigasha cha kuume kuonyesha heshima. Tunakula bugali kwa mkono wa kuume. Aliyepoteza kuume amepoteza pia namna ya kumsalimia baba mkwe wake. Mtu mmoja atataka mkono unaonyooka vizuri wa kusalimia. Mwingine atataka rangi inayolingana na ngozi yake, ili watu kanisani wasimkodolee macho. Uzi wa plastiki unaouzwa kwa jina la "rangi ya ngozi" mara nyingi ni wa waridi, na ngozi hiyo si ya Bukavu. Na mtoto wa tatu atataka nyekundu na bluu ili wenzake shuleni wamwonee wivu. Wote watatu wana haki.

Neno "mkono" na kazi yetu

Sasa nafika kwenye ahadi niliyoitoa. Maelezo ya kupima na kuunganisha mikono huria yameandikwa zaidi kwa Kiingereza, na baadhi kwa Kifaransa. Anayepimwa Kadutu anasema Kiswahili. Kati ya hati na mgonjwa kuna daraja, na daraja hilo ni maneno.

Chukua agizo rahisi: "Pima urefu wa mkono." Kiingereza na Kifaransa vina neno moja kwa kiganja na vidole, na neno jingine kwa sehemu kutoka bega hadi kifundo. Kiswahili kinasema "mkono" kwa vyote, na hapa mtaani tunasema "mukono" kwa vyote vilevile. Msaidizi mmoja atapima kutoka begani, mwingine kutoka kifundo, na wote wawili watakuwa wametii agizo. Neno "kiwiko" nalo lina hatari yake: wengi wanalitumia kwa pale mkono unapokunjika katikati, lakini kwa wasemaji wengine ni kifundo. Anayetafsiri bila kujua hilo atapeleka mkono wa kifundo kwa mtu anayehitaji mkono wa kiwiko.

Si kwamba Kiswahili hakina maneno. Kinayo: kiganja, kitanga, kigasha, kifundo, kisugudi, gumba, kano. Kazi ni kuchagua, kuafikiana, na kuweka picha kando ya kila neno, ili asiyelijua aone kidole cha mchoraji kinapoelekea. Neno "kigutu" linahitaji uangalifu wa pekee. Kamusi inalikubali kwa sehemu iliyobaki baada ya kukatwa, lakini mtu anayelisikia huenda aliwahi kutukanwa kwalo. Kwenye hati linaweza kubaki. Mbele ya mwenyewe ni afadhali kusema "sehemu iliyobaki" au kumwacha yeye aliite anavyopenda.

Ugumu zaidi uko kwenye maumivu. Hati husema: mwulize mgonjwa kama anasikia usumbufu. Usumbufu gani? Fundi anayeuliza "Inakukaza fasi gani?" atajibiwa. Akisikia "inabana", atapanua kikombe. Akisikia "inakwaruza", atalainisha ukingo. Akisikia "inawasha", atafikiria jasho na kuongeza matundu ya hewa. Akisikia "inachoma", huenda mshipa wa fahamu umebanwa, na hapo ni daktari anayehitajika. Na mtu akisema vidole ambavyo havipo vinamuuma, asidhaniwe amechanganyikiwa au amerogwa. Ni jambo linalojulikana na waganga: ubongo bado unavikumbuka vidole hivyo. Vitenzi vinne, na kila kimoja kinaelekeza kwenye marekebisho tofauti. Anayevitafsiri vyote kwa neno moja, "inauma", amemnyang'anya fundi vifaa vyake.

Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022, watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji kifaa saidizi kimoja au zaidi, na katika baadhi ya nchi maskini ni asilimia 3 tu ya wanaohitaji wanaovipata. Hatuwezi kuibadilisha hesabu hiyo kutoka Karhale. Lakini leseni ya miundo huria inaturuhusu kufanya jambo moja bila kuomba ruhusa ya mtu: kuandika karatasi ya kupimia kwa Kiswahili kinachosikika hapa, kurasa mbili, yenye michoro, tuisome pamoja na mafundi wa viungo bandia na watu wanaovaa mikono hiyo, tuisahihishe, kisha tuirudishe palepale michoro ilipotoka ili mwenzetu wa Uvira, Kigoma au Kampala aichukue na kuirekebisha kwa usemi wa kwao.

Fundi mshonaji wa Kadutu haanzi kukata kitambaa kabla ya kuuliza: unataka ya kanisani au ya kazi? Swali hilo linauliziwa mdomoni, kwa lugha ya mteja. Mkono bandia nao unaanzia hapo.